Uzamili wa Utawala wa Umma Bila Kuisumbua Wilaya: Mwongozo kwa Mtumishi wa Tarime na Serengeti

Kabla hujajaza fomu ya maombi, hakikisha huna swali hata moja unalotaka lijibiwe. Wengi wanaharibikiwa hapa. Mtu ametumikia halmashauri miaka minane, Nyamwaga au Mugumu, na usiku unamkuta macho akijiuliza kwa nini kisima kilichozinduliwa kwa muziki wa ritungu na hotuba tatu kimekauka kabla mpiga ritungu hajalipwa. Anajiunga na chuo akidhani huko kuna jibu. Mtu wa namna hiyo atasoma vitabu, atachelewa kumaliza, atawakera wenzake wa kundi na kumchosha msimamizi wake. Wewe unatafuta shahada. Swali liache nyumbani, litunzwe na watoto.

Sababu za kusoma zinazokubalika zinajulikana. Muundo wa utumishi umebadilika. Mwenzako aliyeripoti kazini nyuma yako sasa anakaimu idara. Matangazo ya kazi yameanza kutaja "shahada ya uzamili itakuwa sifa ya ziada", na wewe sifa ya ziada uliyonayo ni kuujua mfumo wa malipo kuliko mhasibu, jambo ambalo halina cheti. Mojawapo ikikugusa, endelea.

Chuo kichague kwa ratiba. Mzumbe ina historia ndefu katika fani hii: ilianza 1953 ikiwa shule ya serikali za mitaa, mkoloni akiwafunda machifu, watumishi wa mamlaka za wenyeji na madiwani, mwaka 1972 ikazaliwa upya kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kitakufuata mpaka Musoma. Mwanza nako kuna vyuo. Safari ya basi kutoka Tarime inapita Bunda, Lamadi na Magu, na ina saa nyingi za kukaa ambazo mtu asiyejihurumia angeweza kuzitumia kusoma. Lala. Kitabu kiweke mapajani, kimefunguliwa katikati, ili abiria mwenzako akikuuliza unasoma nini useme "Masta" na mazungumzo yaishie hapo.

Jambo la kwanza utakalotakiwa kuliacha getini ni uzoefu. Wazee wetu waliliona kinyume kabisa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliketi hapa hapa mkoani, Musoma, na Azimio lililotoka humo, pamoja na kudai kila mtoto apate elimu ya msingi, liliagiza kijana akimaliza sekondari afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Waliamini aliyeishika kazi kwa mikono atakuja darasani na maswali yenye uzito. Leo ndoto yao imetimia bila agizo la mtu: darasa la uzamili limejaa maafisa ugavi, watendaji wa kata, walimu wakuu, waganga wafawidhi, watu ambao kwa pamoja wameona karibu kila namna serikali inavyoweza kukwama. Mhadhiri anasimama na kuuliza utawala wa umma ni nini. Wote wanainama na kuandika kuhusu Mmarekani Woodrow Wilson na makala yake ya 1887.

Wilson alitaka utawala utenganishwe na siasa. Kama umewahi kukaa nyuma kwenye ukumbi siku ya baraza la madiwani Tarime, hapo kicheko kitakupanda. Kimeze. Kisha kariri majukumu saba ya utawala ya Luther Gulick ya mwaka 1937, yale yanayoanza na kupanga na kuishia na bajeti, wala usiulize ni jukumu lipi linalohusika na siku ambayo simu imepigwa saa moja asubuhi kwamba kuna ugeni, magari yote yakaenda kuupokea, dizeli ya robo mwaka ikaenda nayo, na chanjo zikabaki zinasubiri. Gulick hakufika Mara. Asilaumiwe.

Utafundishwa pia ugatuaji, na hapa uwe mwangalifu kwa sababu somo lenyewe linavutia. Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri za wilaya na kuwakabidhi kazi maofisa waliotumwa mikoani. Mpango ukaitwa Madaraka Mikoani, na mtu wa nje angedhani madaraka yamekwenda kwa wananchi. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kuzirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi tena 1984. Aliyezifuta alikuwa mtoto wa Butiama, na baadaye mwenyewe alikiri kwamba lile lilikuwa kosa. Mwanafunzi asiyejichunga anaweza kukaa hapo nusu saa akijiuliza: kama kufuta kulikuwa kosa, je, kilichorudi 1984 ni kile kile kilichofutwa? Nani anamteua mkurugenzi? Fedha nyingi za halmashauri zinatoka wapi, na zinapokuja huwa zimeshaandikiwa matumizi na nani? Usikae hapo. Mtihani utakuuliza "Eleza faida tano na changamoto tano za ugatuaji," na changamoto ya tano daima ni uhaba wa rasilimali.

Kazi za makundi nitazipitia haraka. Mko sita. Mmoja atafanya, mmoja atagharamia kuchapa, mmoja atawasilisha kwa sababu ana suti, mmoja atatuma vikaragosi kwenye kundi la WhatsApp, na wawili mtawajua siku ya kusaini majina. Chagua nafasi yako wiki ya kwanza. Ya suti ndiyo inayokumbukwa.

Sasa tasnifu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Ugumu wa kwanza wa mtumishi wa Tarime na Serengeti ni kwamba anaishi juu ya mada nzuri na hana budi kuzikwepa. Tazama Nyamongo. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji 2002; serikali sasa ina hisa asilimia 16. Sheria inautaka mgodi ulipe halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 mpango wa kuhudumia jamii lazima ukubaliwe na halmashauri kila mwaka. Kwa hiyo kuna kikao ambacho watu wanaketi na kuamua fedha hizo ziende darasa la kijiji gani na zahanati ya kijiji gani. Nani alikuwa kwenye kikao? Kijiji kilichopata kilipata kwa hoja ipi? Kilichokosa kiliambiwa nini, na aliyekiambia ni nani? Haya yote yana majibu. Yamo kwenye mihtasari, iliyo kwenye faili, lililo masijala, hatua chache kutoka kwenye meza yako. Mada yenye majibu karibu hivyo ni ya hatari. Mtu anaweza kuyapata.

Vuka Mto Mara uende upande wa Serengeti, hali ni ile ile. Mkulima wa Robanda au Park Nyigoti tembo wamemlalia mahindi. Kuna kanuni za mwaka 2011 zinazosema alipwe kifuta jasho, na mtu akijeruhiwa au kuuawa familia ipate kifuta machozi. Ili fedha itoke, taarifa lazima iandikwe, shamba likaguliwe na kupimwa, fomu ipande kutoka kijijini hadi wilayani, kisha hadi wizarani, halafu ishuke tena. Mwanafunzi mmoja mwenye daftari angeweza kuchukua fomu za msimu mmoja na kuzifuata mguu kwa mguu: imekaa kijijini siku ngapi, wilayani miezi mingapi, imerudishwa mara ngapi kwa sababu jina la kitambulisho limepishana na jina la daftari la kijiji kwa herufi moja. Angejua mengi kuhusu utawala wa umma kuliko kurasa nyingi za Max Weber. Ndiyo maana nakuonya.

Kuna na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba iliyosimamishwa 2023 baada ya wakaguzi kuandika mambo kuhusu vikundi ambavyo havikuonekana na marejesho ambayo hayakurejea, kisha ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kaa mbali. Aliyesimamia dirisha la mikopo ni rafiki yako, na mwenyekiti wa kikundi kimoja ni shemeji.

Badala yake, tumia kichwa cha habari kilichopimwa na vizazi: "Tathmini ya Mambo Yanayoathiri Utendaji wa Watumishi katika Serikali za Mitaa: Uchunguzi Kifani wa Halmashauri ya Wilaya ya Tarime." Kinafaa wilaya yoyote, mwaka wowote, kada yoyote. Hakimtaji mtu, fedha, wala tarehe. Msimamizi atakipitisha akiwa anatembea.

Sura ya pili, mapitio ya maandiko, ndipo ujuzi wa nyumbani unapokufaa. Watu wa Nyamongo wanajua tegesha: fununu ikitoka kwamba mgodi utapanuka na wathamini wanakuja, vibanda vya mabati huota usiku, na miche hupandwa mahali ambapo hata magugu yalikuwa yamekata tamaa, ili fidia ihesabiwe. Sura ya pili nayo ni eneo litakalothaminiwa. Tegesha. Panda Kothari wa mbinu za utafiti ukurasa wa kwanza, kwa sababu tasnifu ya Tanzania isiyomtaja Kothari huonekana haijavaa. Panda Wahindi wawili, Mnaijeria mmoja, Mkenya wa kutupa jicho kwa jirani, na ripoti ya Benki ya Dunia ambayo umeisoma jalada. Kila aya ianze na jina na mwaka. Kitu kimoja tu usikifanye: usipande mwandishi uliyemsoma kweli. Ukishamsoma utataka kubishana naye, na sura iliyokusudiwa kuwa na majina arobaini itabaki na mawili yanayogombana.

Ukifika kwenye sampuli utamkuta Taro Yamane, ambaye kitabu chake cha takwimu cha 1967 kinaishi maisha marefu katika vyuo vyetu. Kanuni yake ni rahisi: gawanya idadi ya watu kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa. Kata yenye watu 12,000, ukikubali kosa la asilimia 5, inakudai watu 387. Hao ni wengi, na bodaboda za kwenda Karakatonga si za bure. Lakini badilisha kosa liwe asilimia 10 na hesabu inashuka hadi 99. Uzuri wake ni kwamba hata ukiichukua wilaya nzima, hata taifa zima, kwa kosa hilo kanuni haitakudai zaidi ya 100. Hakuna aliyewahi kupewa zawadi kubwa namna hiyo na hisabati. Kanuni inadhani umewachagua watu kwa bahati nasibu, kila mmoja akiwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Wewe utawachagua waliokuwapo ofisini siku uliyofika, uongeze waliokuwa wanasubiri kugongewa muhuri, kisha uandike "sampuli nasibu rahisi". Rahisi ilikuwa, hilo hakuna wa kulipinga.

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote kitu chochote, kuna kibali. Chuo kinaandika barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Musoma. Mkoa unaandika kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Wilaya inaandika kwa Mkurugenzi, ambaye kwa upande wa Tarime Vijijini utamfuata Nyamwaga. Mkurugenzi anaandika kwa Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kata kwa Mtendaji wa Kijiji, na Mtendaji wa Kijiji anampigia simu mwenyekiti wa kitongoji na kumwambia kuna mgeni. Ukijaliwa, wewe mwenyewe ni mmoja wa watu kwenye mnyororo huo, na utajikuta umejiandikia barua ya kujitambulisha kwako, ukaipokea, ukaipiga muhuri, ukaiweka kwenye jalada na kujipa nakala. Mtu mwenye maswali angesimama hapa na kuona kwamba utafiti wake umeshaanza, kwamba ramani yote ya mamlaka imejichora kwenye bahasha moja: nani anaogopa kusaini kabla ya nani, wapi karatasi inalala. Wewe lalamika tu kwamba zoezi la kukusanya takwimu limechelewa.

Dodoso liandikwe kwa Kiingereza, kwa sababu tasnifu ni ya Kiingereza. Mama wa Kewanja utamuuliza kwa Kiswahili unachokitafsiri ukiwa umesimama, naye atamnong'oneza binti yake kwa Kikurya, binti akujibu kwa Kiswahili, wewe uandike namba. Namba haina lugha. Tumia kipimo cha Rensis Likert cha 1932, ngazi tano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Usiache nafasi ya maelezo. Ukiiacha, mzee atakaa sawa kwenye kigoda na kusema, "Mura, uwazi unaouulizia huu, ngoja nikueleze habari za lile josho." Hapo siku imekwisha. Atakueleza josho lilijengwa mwaka gani, ng'ombe walichangwa wangapi na kutoka koo gani, dawa ilikatika lini, nani alikuwa mwenyekiti, na kwa nini Wairegi hawakuja kwenye mkutano ulioitishwa upande wa Wanyabasi. Ni habari nzima ya utawala wa kijiji, yenye wahusika, fedha na sababu. Weka alama kwenye "sina uhakika" na uage. (Ukikaribishwa nyama na kichuri, hapo usiage. Kuna mipaka.)

Kuhusu ritongo, ushauri wangu ni kunyamaza. Wakurya walikuwa na baraza la hadhara la kusikiliza kesi za mifugo iliyoibwa na ugomvi wa watu muda mrefu kabla mtu hajaleta neno menejimenti, na bado linaitishwa. Mshtakiwa anasimama mbele ya watu wanaomjua, ushahidi unatolewa wazi, hukumu inajulikana siku hiyo hiyo. Si la kupamba: wanawake humo husikika kwa shida, na wazee wa mila ndio waliopanga misimu ya kuwakeketa wasichana, Disemba za miaka inayogawanyika kwa mbili, huku sheria ya nchi ikiwa imepiga marufuku tangu 1998. Wilaya ambayo kalenda ya wazee ilitimizwa kwa uhakika kuliko kalenda ya serikali ni somo ambalo kitivo chochote duniani kingelitamani. Lakini kitabu cha kozi hakina sura yake, na ukileta jambo ambalo halina sura, wasahihishaji wataandika pembeni "chanzo?" Mpe Weber nafasi yake. Naye aliandika kuhusu mamlaka ya jadi, ila ya Ujerumani haina harufu ya ng'ombe.

Uchambuzi wa takwimu si kazi yako. Mjini Tarime au Mwanza kuna kijana wa stationari ambaye kwa bei ya maelewano ataingiza madodoso yako kwenye SPSS na kukurudishia majedwali 23 yenye rangi. Jifunze kuyataja: "Kama inavyoonekana kwenye Jedwali 4.7, asilimia 62 ya waliohojiwa walikubali." Ukiulizwa walikubali nini, rudi kwenye jedwali. Mapendekezo yameshaandikwa tangu zamani, yanangoja jina lako tu: serikali itenge fedha zaidi, watumishi wapewe semina, wananchi waelimishwe, na utafiti zaidi ufanyike. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa mapendekezo haya.

Kwa kuwa unasoma huku unafanya kazi, utatakiwa kuonyesha kwamba masomo yanakunoa kikazi. Hapa mambo mawili yanatosha.

La kwanza ni dokezo. Ofisi ya umma ya Tanzania inaendeshwa kwa dokezo, na ustadi wake wa juu ni kuandika kurasa mbili ambazo bosi akizisoma hatajua unamtaka aamue nini. Anza na rejea tatu za barua za zamani. Eleza historia. Taja kwamba jambo ni muhimu na lina unyeti wake. Malizia na "Nawasilisha kwa maelekezo yako". Yeye atapanda juu na kuandika "Tushauriane", na jalada litarudi masijala likiwa limenenepa. Mtu akiandika nusu ukurasa, kwamba tatizo ni hili, njia ziko mbili, gharama zake ni hizi, mimi nashauri ya pili kwa sababu hii, amejiweka uchi. Likiharibika jina lake liko chini. Shahada ya uzamili ilikusudiwa kumfundisha mtu kuandika nusu ukurasa huo. Wewe umeshaonywa.

La pili ni mihtasari. Kwenye "Yatokanayo na kikao kilichopita" kuna safu ya utekelezaji. Ijaze "Utekelezaji unaendelea." Neno hilo limevuka enzi za OPRAS, mfumo wa kupima utendaji uliokuja 2004 na fomu zake zilizosainiwa zote siku moja mwezi Juni, na linaishi vizuri tu katika PEPMIS, mrithi wake wa mtandaoni, ambako sasa mtumishi hupanda kilima kutafuta mtandao ili aujulishe mfumo kwamba leo amefanya kazi. Mfumo hauulizi kazi gani imemfikia nani. Usianze wewe.

Na ripoti ya Mkaguzi Mkuu, CAG, ikitoka kila Aprili, tafuta kwanza kama halmashauri yako imepata hati inayoridhisha. Ikiwa imepata, pongezaneni kwenye kundi. Usisogee hadi kwenye hoja zenyewe, fedha zilizokusanywa kwa mashine zisifike benki, miradi iliyolipwa ikasimama kwenye linta. Mwanafunzi anayeweza kuisoma ripoti ile akaielewa, akarudi kwenye leja na kuona hoja ilizaliwa siku gani, huyo ameshahitimu, hata chuo kisipompa joho.

Kila darasa lina mmoja wa kumwepuka. Mara nyingi ni mtendaji wa kijiji, mara nyingi mwanamke, na amekaa mstari wa pili na daftari la mistari. Mada yake itakuchekesha kwa udogo. Sheria inasema mkutano mkuu wa kijiji uitishwe walau kila miezi mitatu. Yeye anataka kujua katika vijiji vitatu, kwa miaka miwili, umeitishwa mara ngapi na mara ngapi mapato na matumizi yalisomwa. Basi. Hana Yamane, kwa sababu mikutano yote anaweza kuihesabu kwa vidole. Anasoma vitabu vya mihtasari kijiji kwa kijiji, anagundua kimoja kina mihtasari minane iliyoandikwa kwa wino mmoja na mkono mmoja mchana mmoja, anakwenda kuwauliza watu kumi kama wanaikumbuka mikutano hiyo. Waandishi aliowataja ni tisa na amewasoma wote. Sura yake ya nne ina jedwali moja. Msimamizi analalamika kwamba kazi ni nyembamba. Anaijibu hoja kwa hoja, kwa heshima, "Mwalimu, ukurasa wa 31 nimeeleza," na mwalimu anajikuta anafungua ukurasa wa 31.

Mabaya zaidi yanakuja baadaye. Anafupisha tasnifu yake kwa Kiswahili, kurasa mbili, na kwenda kuzisoma kwenye mkutano wa kijiji alikozitoa habari. Watu wanaanza kuuliza. Robo inayofuata wanauliza tena. Mwenyekiti anaanza kuja na karatasi. Ni wazi kwamba mtu wa aina hii akiruhusiwa kuongezeka, vikao vitakuwa virefu, na wengine tuna usafiri wa mwisho saa kumi.

Siku ya kutetea tasnifu vaa vizuri, leta maji ya kutosha kwa jopo, na kila swali lijibu kwa "Asante Profesa, nimelipokea." Watakutaka urekebishe nafasi kati ya mistari na uongeze vyanzo vya hivi karibuni. Chapa nakala zenye jalada gumu, moja ya chuo, moja ya mama, moja ya Mkurugenzi. Ya Mkurugenzi ikabidhiwe kwa picha.

Kisha pumzika mwaka mmoja, uombe shahada ya uzamivu. Huna haja ya kuanza upya. Fungua tasnifu ile ile kwenye kompyuta, iambie itafute kila palipoandikwa Tarime na kuweka Serengeti. Nyamwaga igeuze Mugumu, Nyamongo igeuze Robanda. Ongeza sura ya nadharia na uirefushe mara tatu. Halafu ipitie kwa macho kabla ya kuipeleka kuchapa, kwa sababu kompyuta haijui jiografia: utakuta mgodi mkubwa wa dhahabu umechimbwa ubavuni mwa hifadhi, wathamini wake wanahesabu nyumbu, na wachimbaji wa Robanda wanadai kifuta jasho cha tembo walioingia shimoni. Ukipitiwa na mojawapo usihangaike. Mtahini wa nje ana tasnifu nyingine kumi na moja za kusoma kabla ya Ijumaa.